Namna ya Kutafuta Chanzo cha Kelele Kwenye Amplifaya ya Hedifoni

Kelele ndogo ambayo spika ya sebuleni ingeificha kabisa husikika wazi kwenye hedifoni, kwa sababu hapa hakuna umbali wowote kati ya sikio na sauti. Ndiyo maana wengi, wakisikia mngurumo, hukimbilia kununua waya mpya au kubadilisha kapasita zote (vipande vinavyohifadhi umeme ndani ya saketi) kwa mkupuo mmoja. Mimi siungi mkono njia hiyo. Kelele yenyewe huonyesha inakotoka, mradi msikilizaji aketi na kuisikiliza kabla ya kushika bisibisi, na abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Anza bila muziki. Mvumo mzito usiokatika unatokana na umeme wa gridi: palipo na umeme wa hezi 50, mvumo wa hezi 50 kwa kawaida huingia kupitia waya wa ethi (unaounganisha chombo na ardhi) au uga wa sumaku wa transfoma, ilhali ule wa hezi 100, ambao ni mkali zaidi na una mkereketo, mara nyingi hutoka kwenye sehemu ya kubadili umeme kuwa wa mkondo mnyoofu (DC), hasa kapasita za kuchujia zikiwa zimechoka. Palipo na umeme wa hezi 60, hesabu hizo huwa 60 na 120. Mlio mwembamba kama wa mbu, unaobadilika unaposogeza kipanya, unatoka kwenye kompyuta. Milio ya kukatakata inayozuka ghafla na kutoweka huenda inasababishwa na simu iliyowekwa karibu. Isogeze mbali kisha usikilize tena.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Zungusha kidhibiti cha sauti polepole kutoka sifuri hadi mwisho. Kelele ikipanda pamoja nacho, chanzo kiko kabla yake, yaani kwenye waya wa kuingizia sauti au kwenye chombo kinachotoa muziki. Isipobadilika hata kidhibiti kikiwa sifuri, chanzo kiko baada yake, au kiko kwenye ugavi wa umeme. Na ikipungua pindi kidole kinapogusa kitufe cha chuma, basi ganda la kidhibiti halijaunganishwa na ethi ya saketi, na kipande kifupi cha waya kilicholehemewa vizuri hutosha kuliondoa tatizo.

Watu huchomoa waya za kuingizia ili kujaribu amplifaya peke yake, lakini matundu yaliyoachwa wazi hunasa mvumo wa hewani na kumpotosha anayepima. Ni afadhali kuchukua plagi mbili tupu za sauti, kuunganisha pini ya katikati ya kila moja na pete yake ya nje, kisha kuzichomeka kwenye matundu hayo. Amplifaya ikinyamaza hapo, haina kosa.

Ikiwa kelele imerudi baada ya kuunganisha kompyuta, shuku mzunguko wa ethi, yaani vyombo viwili vinavyofika ardhini kwa njia mbili tofauti, huku mkondo mdogo ukipita kwenye ngao ya waya wa sauti, yaani tabaka la chuma linalouzunguka. Kipimo chake ni rahisi: chomoa chaja ya laptopu na uiache itumie betri. Kelele ikitoweka, chomeka vyombo vyote kwenye soketi moja ya ukutani. Isipotosha, tumia waya wa mwanga (unaopitisha sauti kama mwanga badala ya umeme) au transfoma ya sauti inayotenganisha saketi za vyombo hivyo. Kamwe usikate pini ya ethi ya plagi. Mvumo utaisha kweli, lakini siku waya wa umeme utakapogusa ganda la chuma, aliyevaa hedifoni ndiye atakayekuwa njia ya umeme huo.

Mlio mwepesi wa "shhh" una hukumu tofauti, kwa kuwa mara nyingi si hitilafu. Kila rezista ina kelele yake ya joto, na amplifaya huikuza pamoja na muziki. Hedifoni ndogo za kuingiza sikioni, zenye omu 16 na wepesi mkubwa wa kutoa sauti, huidhihirisha. Punguza kiwango cha ukuzaji ikiwa kuna swichi yake, na upandishe sauti ya chombo kinachotoa muziki badala ya ile ya amplifaya.

Mkwaruzo unaosikika wakati wa kuzungusha kidhibiti kwa kawaida ni vumbi. Zima amplifaya, nyunyiza dawa ya kusafishia viungo vya umeme ndani ya kidhibiti, kizungushe mara 20 hivi, kisha uiache ikauke. Mkwaruzo ukiendelea, pima volti za mkondo mnyoofu kwenye kidhibiti. Zikiwepo, kuna kapasita inayovuja kabla yake. Michakaricho inayozuka yenyewe, hasa ya upande mmoja, inatafutwa kwa kugonga viungo taratibu kwa kijiti kikavu cha mbao. Chini ya tundu la hedifoni, ambapo plagi huvutwa kila siku, nimekuta zaidi ya mara moja ufa mwembamba wa duara ukiizunguka pini ndani ya lehemu, usioonekana mpaka ubao uinamishwe kwenye mwanga. Kiungo hicho huyeyushwa upya kwa lehemu mpya kidogo.

Kabla ya kufungua ganda, chomoa plagi na usubiri, kwani kapasita hubaki na umeme, na katika amplifaya za vali (zinazotumia mirija ya kioo) umeme huo unaweza kufikia mamia ya volti. Ukimaliza kutengeneza, usivae hedifoni nzuri mara moja. Pima kwanza volti za mkondo mnyoofu kwenye tundu la kutolea sauti: milivolti chache hazina neno, lakini zikizidi 50 hivi, rudi kwenye saketi. Kisha jaribu kwa hedifoni ya bei ndogo, ikiwa mezani na si masikioni, wakati wa kuwasha na wa kuzima.