Kuni za kuota moto nyanda za juu: kukata, kupasua na kupanga ili Juni ikukute na kuni kavu

Mwongozo huu ni wa wenye nyumba yenye meko ya sebuleni na dohani, hasa upande wa Njombe, Makete na Mufindi, ambako kati ya Juni na Agosti usiku haulaliki bila moto, na kule Kitulo umande huganda kwenye nyasi. Anayepikia kuni atafaidika pia, ila vipimo vyangu ni vya meko ya kuota.

Jambo la kwanza ni kalenda. Kuni utakazoota Juni hii zilitakiwa kupasuliwa Juni iliyopita. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuishia Aprili au Mei, kwa hiyo muda wa kukausha ni ule mmoja tu, kuanzia Juni hadi Oktoba, jua likiwa kali mchana na upepo wa kusi ukipita. Anayekata mti Machi akitegemea kuota Juni ataota moshi. Mti mbichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kilo 10 za mlingoti (mkaratusi) ulioangushwa leo zina maji yanayokaribia lita 5, na moto wako lazima uyachemshe hadi yaishe kabla haujakupa joto. Kilo hizo hizo zikikauka hadi unyevu wa asilimia 20 zinabaki kilo 6 na robo. Hizo ndizo kuni.

Hatua ya 1: Chagua mti

Mwati (black wattle) ndio namba moja. Ni mzito, unapasuka vizuri ukiwa mbichi, na makaa yake yanakaa muda mrefu. Mlingoti unafuata: joto lake ni zuri, ila nyuzi zake mara nyingi zimejisokota, na hilo tutalirudia kwa kirefu. Paini ni ya kuwashia; inashika haraka, inaisha haraka, na ikichomwa mbichi inajaza dohani masizi.

Usichome kabisa vipande vya nguzo za umeme au nguzo za uzio zilizotiwa dawa, hata ukipewa bure. Zile za rangi ya kijani zimetiwa dawa yenye aseniki, ambayo ni sumu na hubaki kwenye majivu. Majivu hayo hayafai bustanini wala mahali watoto wanapochezea.

Kama kuni utazisafirisha kwa gari, pitia kwanza kwa afisa misitu akueleze vibali.

Hatua ya 2: Angusha mti

Mti mnene mwachie mwenye msumeno wa mnyororo na uzoefu wake. Wewe mwambie mambo mawili: mlingoti aukate chini, sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, na kisiki kiwe na mteremko ili maji yasituame juu yake. Kisiki kitachipua, baadaye bakiza machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, mengine ondoa. Paini haichipui, hapo panda mche mwingine.

Hatua ya 3: Kata vigogo

Pima kina cha meko yako, toa sentimita 10. Meko nyingi za sebuleni zinataka vipande vya sentimita 35 hadi 40. Kata fimbo ya urefu huo, pita nayo juu ya gogo ukitia alama kwa panga, ndipo ushike msumeno. Vipande vikitofautiana urefu, safu haitasimama, na utalalamika huko mbele bila kujua chanzo ni hapa.

Inua gogo juu ya magogo madogo mawili; msumeno ukigusa udongo mara moja tu, makali yamekwisha. Mlingoti una mkazo ndani yake, unaweza kubana msumeno katikati ya kazi, kwa hiyo weka kabari karibu uichomeke kwenye mkato mara tu unapoanza kufumba.

Kwenye paini, angalia matawi yanavyotoka: yanazunguka shina kwa pamoja, kisha inafuata sehemu tupu, kisha mzunguko mwingine. Kata pale pale kwenye mizunguko, vifundo vibaki mwishoni mwa kigogo. Kifundo kikibaki katikati, shoka litakwama hapo.

Hatua ya 4: Pasua, na pasua mapema

Hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Pasua wiki hiyo hiyo uliyokata. Wengi huacha vigogo vizima "vikauke kwanza" halafu wavipasue. Kwa mwati na mlingoti ni kinyume: mbichi unafunguka, mkavu unageuka chuma. Tena kigogo kizima hakikauki. Magome yamezuia maji kutoka ubavuni, yanatokea kwenye ncha tu. Kigogo cha mlingoti chenye upana wa sentimita 25 kinaweza kumaliza kiangazi chote nje kikiwa kinapendeza kwa nyufa, na ndani bado kibichi.

Zana. Shoka la kukatia matawi, jembamba na kali, silo la kupasulia. Linazama kwenye nyuzi na kubaki humo. Unataka shoka nene mashavuni, kichwa cha kilo 2.5 hadi 3.5, lenye tundu la kupitishia mpini. Lile la kienyeji, ambalo mkia wa chuma ndio unaopenya kwenye mpini, ni zuri kwa matawi, lakini kwenye vigogo vinene mpini wake hupasuka pale pale penye tundu. Ongeza kabari mbili za chuma na nyundo ya kilo 4 hivi. Mfua vyuma yeyote atakutengenezea kabari kwa springi ya lori. Ziwe mbili, kwa sababu moja ikizama yote bila gogo kufunguka, ya pili ndiyo inayokwenda kuitoa.

Mpini ukilegea, usiloweke shoka kwenye maji. Mti unavimba, unabana kwa siku moja, kisha ukikauka unalegea kuliko mwanzo, na siku hiyo kichwa kitaruka. Toa mpini, uchonge upya, uingize, gonga kabari ndogo ya mti mkavu juu yake.

Kabari ambayo kichwa chake kimechanua kwa kupigwa, peleka ikasagwe. Ule ukingo uliochanua hukatika vipande vinavyoruka kwa kasi hadi machoni. Kwa sababu hiyo hiyo usigonge kabari ya chuma kwa kisogo cha shoka. Vaa miwani na buti. Kandambili ziache mlangoni.

Gogo la kupasulia liwe la chini, sentimita 30 hadi 35, pana na lisiloyumba. Juu yake funga tairi kuukuu la gari dogo kwa misumari mirefu, kisha simamisha kigogo ndani ya tairi. Vipande havirukiruki, huinami kuokota kila baada ya pigo, na shoka likiteleza linaishia kwenye mpira badala ya mguu wako. Nikilazimika kubaki na kifaa kimoja zaidi ya shoka, nitachagua tairi.

Kabla ya kupiga, kiangalie kigogo. Kama kuna ufa kwenye ncha, na mlingoti huwa nao tangu siku unapoanguka, piga ukifuata ufa huo. Upande wenye kifundo uwe chini, upande safi juu. Simama miguu imeachana, kigogo kiwe mbele yako kwa umbali ambao mikono ikinyooka shoka linatua juu yake. Ukikaribia mno utapigisha mpini kwenye ukingo na kuuvunja. Inua, acha uzito wa kichwa ufanye kazi, na mwishoni kunja magoti kidogo ili shoka lishuke wima.

Kigogo chembamba, piga katikati. Kinene kupita sentimita 30, usikimbilie katikati. Piga karibu na ukingo uliopo upande wako, kisha ukingo wa mbali, ufa uunganike.

Sasa ule mlingoti uliojisokota. Utautambua kwenye magome kabla ya kuupasua: mistari yake inapanda kama kamba iliyosukwa. Ukipiga katikati, shoka linazama, ufa unapinda ndani, na pande mbili zinabaki zimeshikana kwa nyuzi ndefu. Usipigane nao. Zunguka pembeni ukitoa mabapa: sentimita 6 hadi 8 kutoka ukingoni, geuza, bapa jingine, geuza, hadi kibaki kiini cha pembe nne. Nyuzi zilizobaki zimeshikana zikate kwa shoka jembamba. Kiini kikigoma, weka kabari ya kwanza ukingoni, ya pili kwenye ufa ulio ubavuni, usiziweke zote juu. Na kikigoma tena, kiache kizima. Kitakuwa gogo la usiku mwaka wa pili kutoka sasa. Nguvu za mtu zina thamani kuliko kigogo kimoja.

Unene: sentimita 8 hadi 12 kwa kuni za kawaida, 15 kwa chache za usiku, na vijiti vya sentimita 2 au 3 vya kuwashia. Vijiti pasua vingi kuliko unavyodhani.

Hatua ya 5: Panga

Kiasi gani? Fanya hesabu. Tuseme usiku mmoja unatumia kilo 10, kwa siku 90 ni kilo 900. Mwati mkavu uliopangwa vizuri unakadiriwa kilo 400 hivi kwa meta moja ya ujazo, kwa hiyo unahitaji meta za ujazo mbili na robo au zaidi kidogo. Safu moja ya kuni za sentimita 40, yenye kimo cha meta 1.5 na urefu wa meta 4, inatosha.

Safu isiguse ardhi. Panga matofali au mawe, laza juu yake fito mbili sambamba, sentimita 15 hadi 20 kutoka chini. Mchwa hupanda kwa vijia vya udongo juu ya matofali hayo; vikague kila wiki na kuvibomoa. Kama kuni zimekaa chini hutaviona mpaka umeinua kipande na kukuta ganda tupu. Kwa sababu ya mchwa, nyoka na moto, safu kubwa iwe mbali na ukuta wa nyumba.

Safu iwe moja moja, ubavu wake mpana ukikabili upepo. Ukipanga tatu zikiwa zimebanana, ya katikati itaota ukungu. Kwenye ncha mbili jenga nguzo kwa kupishanisha: vipande vitatu hivi, vitatu vile, hadi juu. Chagua vilivyonyooka kwa kazi hiyo. Vingine vipange kwa ulegevu. Panya apite, paka asipite. Kuni zikikauka zinasinyaa na safu inashuka upande mmoja, kwa hiyo usipite meta 1.5.

Kufunika: bati juu tu, lenye mteremko, lizidi kila upande kwa sentimita 20 au 30, na mawe ya kulishikilia. Usivishe safu turubai hadi chini. Mvuke unaotoka kwenye kuni unagonga turubai na kurudi kwenye kuni, na Oktoba utafunua ukungu mweupe. Kiangazi hata bati si lazima. Hakikisha lipo kabla ya Novemba.

Hatua ya 6: Pima ukavu

Nyufa hazithibitishi chochote. Ukigonganisha vipande viwili, vikavu vinalia kwa sauti kali na vibichi vinatoa mlio mzito, lakini mizani ndiyo ya kuaminika. Siku ya kupanga chagua vipande vitano kutoka sehemu tofauti, vitie namba kwa rangi, vipime uzito, andika. Pima tena kila wiki mbili. Uzito ukigoma kushuka mara mbili mfululizo katika kiangazi, zimekauka kadiri hali ya hewa inavyoruhusu. Mwenye kipima unyevu asichome sindano zake kwenye uso wa nje; apasue kipande, apime uso mpya wa ndani. Chini ya asilimia 20 ni sawa.

Hatua ya 7: Ingiza ndani

Za siku tatu au nne zinatosha, ziwe mbali na mdomo wa meko. Dohani isafishwe Mei, kabla ya moto wa kwanza. Masizi meusi yanayong'aa kama lami maana yake mwaka jana ulichoma kuni mbichi, na hayo yanaweza kuwaka ndani ya dohani. Acha upenyo dirishani. Makaa yanayobaki usiku yaache pale pale mekoni chini ya dohani. Usiyahamishie kwenye jiko na kulipeleka chumbani, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.