Somo: Tufaha la Mdalasini Lenye Chenga Juu, la Mtu Mmoja, kwa Maikrowevu

Habari zenu wapishi wenzangu. Somo la leo ni la yule aliyebaki peke yake jikoni usiku, ana hamu ya kitu kitamu cha moto, lakini haoni sababu ya kuwasha oveni nzima kwa ajili ya kibakuli kimoja.

Nianze na kosa, maana nililirudia mara nyingi kabla sijashtuka. Maelekezo mengi ya vitu hivi husema: tia tufaha kwenye magi, mwagia oti na siagi juu, washa dakika tatu, kula. Ukifuata hivyo unapata uji juu na tufaha linalogoma chini. Tufaha ni maji kwa zaidi ya asilimia 80. Likipata moto linatoa mvuke, mvuke hauna pa kwenda ila juu, na huko unazikuta chenga zako na kuzilowesha. Oveni ina hewa kavu yenye moto mkali inayokausha uso wa chakula. Ndani ya maikrowevu hewa haina moto wa maana, kinachopata moto ni chakula chenyewe. Kwa hiyo tunapika vitu viwili mbalimbali, vikutane mwishoni.

MAHITAJI

Ya tunda:
- tufaha 1 la wastani, gumu, lenye uchachu kidogo
- sukari kijiko 1 cha chai
- maji ya limau kijiko 1 cha chai
- unga wa ngano nusu kijiko cha chai
- mdalasini wa unga robo kijiko cha chai

Ya chenga:
- oti vijiko 3 vya chakula
- unga wa ngano kijiko 1 cha chakula
- sukari ya kahawia kijiko 1 cha chakula
- siagi kijiko 1 cha chakula, laini lakini isiyoyeyuka
- chumvi kidogo sana, ya kubana kwa ncha za vidole. Usiiache, bila chumvi utamu unakuwa bapa.

Utahitaji pia magi kubwa au bakuli la kina la kauri au kioo, na sahani bapa ya aina hiyohiyo. Tunda lisipite nusu ya chombo, kwa sababu juisi ya sukari ikichemka hupanda kama maziwa.

Hatua ya 1. Anza na chenga. Changanya vitu vyake vyote, kisha visugue kwa ncha za vidole mpaka siagi ipotee na ubaki na vibonge vidogovidogo. Tandaza kwenye sahani, safu nyembamba.

Hatua ya 2. Washa sekunde 30 kwa nguvu zote. Toa, koroga, tandaza tena. Rudia. Kwa maikrowevu ya wati 800 mimi hufika raundi tatu au nne. Hapa ndipo watu wanapoharibu: wanangoja zikauke zikiwa bado ndani. Hazitakauka! Zikiwa za moto huwa laini, sukari yake bado imeyeyuka. Zinakuja kukakamaa zikipoa. Alama ya kutazama ni harufu. Ukisikia harufu kama ya karanga zinazokaangwa na rangi imekolea kidogo, toa, hata kama bado zinalegea. Na usionje papo hapo. Maji yakichemka huishia nyuzi 100 za Selsiasi, lakini sukari iliyoyeyuka huvuka hapo kwa mbali, nayo hung'ang'ania ulimini.

Hatua ya 3. Chenga zikiwa zinapoa, menya tufaha na ulikate vipande vya kama sentimita moja na nusu, vilingane. Kulingana kwa vipande kuna maana kuliko udogo wake: ukichanganya vikubwa na vidogo, vingine vitakuwa rojo na vingine vitalia kwenye meno. Changanya na limau, sukari, mdalasini na unga. Limau linazuia tufaha lisiwe jeusi, unga utafanya juisi iwe nzito.

Hatua ya 4. Funika magi kwa kisahani, uache upenyo mdogo wa kutolea mvuke. Usiiweke katikati ya sahani inayozunguka, isogeze pembeni. Mawimbi hayasambai sawasawa mle ndani, kuna sehemu kali na sehemu baridi. Magi ikiwa pembeni inazipitia zote. Washa dakika 1, koroga, kisha dakika 1 nyingine. Choma kwa uma: uingie kwa kusukuma kidogo tu.

Hatua ya 5. Iache ifunikwe dakika 2, imezimwa. Najua hamu inavyosumbua, lakini huku bado ni kupika. Moto unaendelea kuingia katikati ya vipande, na juisi inakuwa nzito.

Hatua ya 6. Funua, mvuke utoke, mwaga chenga juu, kula hapohapo. Ukiongeza kijiko cha mtindi baridi sitakukataza.

Kuhusu nguvu: dakika zangu ni za wati 800. Angalia kibandiko kilichopo nyuma au ndani ya mlango wa maikrowevu yako, na usome wati za kupikia, si za umeme inaotumia, kwani hizo huwa nyingi zaidi. Zidisha muda wangu kwa 800 kisha gawa kwa wati zako. Yenye wati 1000 itataka kama dakika 1 na sekunde 36 kwa tunda. Ya wati 600, dakika 2 na sekunde 40.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante kwa somo dada. Sina oti, naweza kutumia nini?

Jibu: Karibu mpendwa. Biskuti kavu tatu au nne, zivunje kwa mkono. Hizo zimeshaokwa, kwa hiyo ruka hatua ya 1 na ya 2, mwaga juu ya tunda mwishoni. Kwa kweli siku za uvivu hata mimi hufanya hivyo.

Swali: Nimeweka magi yangu ya harusi, ikaanza kutoa cheche! Nilizima mbio. Maikrowevu imeharibika?

Jibu: Pole sana. Itakuwa ina mstari wa dhahabu au fedha ukingoni, huo ni madini. Kama ulizima haraka na ukuta wa ndani haujaungua wala kutoboka, mara nyingi haina tatizo. Magi hiyo ibaki ya chai. Na vibakuli vya melamini, vile vyepesi vinavyofanana na kauri, navyo visiingie mle. Vinapata moto na kupasuka.

Swali: Tunda jingine je? Hapa nina ndizi na beri za kwenye friza.

Jibu: Ndizi mbivu inataka sekunde 40 tu na haihitaji sukari, ukizidisha inageuka gundi. Beri zilizoganda usiziyeyushe kwanza, ila ongeza unga ufike kijiko kizima cha chai, na utumie chombo kikubwa zaidi maana zinafoka vibaya. Pea hufuata utaratibu wa tufaha, ila pungua sekunde 30. Nanasi nalipenda, lakini mwaga nusu ya juisi.

Swali: Nikitaka kutengeneza magi mbili kwa mpigo, muda ni uleule?

Jibu: Hapana ndugu yangu, nguvu ileile inagawanywa kwa wawili. Anza na dakika tatu jumla, ukikoroga kila dakika, kisha ongeza kidogokidogo. Itakaribia mara mbili.

Swali: Mama yangu ameambiwa apunguze sukari. Ukiondoa sukari yote inafaa?

Jibu: Kwenye tunda ondoa bila wasiwasi, chagua tu tufaha tamu badala ya chachu. Kwenye chenga utapoteza ule ukakamavu, kwa sababu unatokana na sukari iliyoyeyuka na kupoa. Weka lozi zilizokatwa zikupe cha kutafuna. Ila tufaha lenyewe lina sukari yake, kiasi cha kumfaa mama mtajadiliana na daktari wake.

Swali: Ni kweli maikrowevu inaua vitamini za tunda?

Jibu: Kinachopunguza vitamini C ni moto, muda mrefu na maji ya kuchemshia yanayomwagwa. Hapa tunapika dakika mbili na juisi yote unaila. Mawimbi yenyewe hupasha moto tu, hayabaki ndani ya chakula.

Swali: Naweza kuandaa chenga nyingi nikaweka?

Jibu: Ndiyo, na ndivyo ninavyofanya. Zikipoa kabisa zitie kwenye chupa yenye mfuniko unaobana. Ndani ya siku tano huwa zimeshaliwa kwangu. Ukifunika zikiwa vuguvugu, unyevu wake utazilegeza.

Swali: Nimejaribu leo. Tunda safi sana, lakini chenga zimeungua katikati ya sahani na za pembeni bado nyeupe. Nimekosea wapi?

Jibu: Ulizilundika, au uliruka kukoroga raundi moja. Sukari ikianza kuyeyuka mahali fulani, hapo ndipo moto unapokimbilia, na sekunde 20 zinatosha kuunguza. Mara nyingine zipange kama pete, acha katikati ya sahani wazi, na kila ukitoa zigeuze za nje ziingie ndani. Hizo nyeupe usizitupe, zirudishe sekunde 30.