Konokono wamejaa kwenye tangi la samaki? Anza na majani, dawa baadaye

Wakuu wa Mwanza mnaofuga furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, sebuleni, hii ni yenu. Ukiona konokono wametapakaa kwenye kioo ujue wameingia na yale majani uliyoyang'oa ziwani kule Igombe au Luchelele ukayatupia moja kwa moja kwenye tangi kisa yamependeza. Geuza jani uangalie chini, utakuta kitu kama tone la ute kimeganda, ndani vidoti vidoti, hayo ndo mayai, baada ya wiki moja au mbili hao hapo.

Kwanza mikono. Kuna konokono wa ziwani, bapa, kajikunja kama kamba iliyoviringishwa, huyo ndo anabeba kichocho cha tumbo, na vijidudu vikishatoka kwake vinapenya ngozi nzima kabisa, haihitaji kidonda wala nini. Kwa hiyo majani mabichi shika na glavu na hiyo ndoo watoto wasiisogelee. Nje ya konokono vijidudu havivuki siku mbili, shida ni kwamba konokono akiwa hai anaendelea kuvimwaga. Wale waliozaliwa humohumo kwenye tangi hawaji navyo toka kwenye yai, ila ukiwaangalia utawatofautishaje sasa?

Mimi natumia shabu, ileile ya kutulizia maji. Saga, kijiko cha chakula kimoja kwa lita nne za maji, loweka majani kwenye ndoo siku mbili tatu, suuza vizuri, halafu yakae ndoo nyingine wiki tatu ukiwa unachungulia chini ya majani. Ndefu najua. Kuna wanaotumia jiki, kipimo kimoja kwa ishirini vya maji, dakika mbili, ila majani yetu haya laini yanayeyuka kama mlenda, sishauri.

Kama wameshaingia ndani, jioni weka jani la mchicha uliochemshwa kidogo, funga na kijiwe lizame, asubuhi livute taratibu utawakuta wamelijaa, toa na jani lake. Rudia kila siku na punguza chakula, maana wanazaliana kwa yale mabaki unayomwaga wewe.

Dawa ya shaba ya kuua konokono usiniige. Nilitia usiku, kweli wakafa wote kwa mpigo, saa kumi na mbili asubuhi maji yananuka kama mwaloni, pale wanaposhushia samaki, jua kali na furu wangu wako juu wanahema midomo nje, konokono walikuwa wanaoza humo ndani. Nilibadilisha nusu ya maji fasta, na ya bomba hayo sikuwa nimeyalaza hata usiku mmoja klorini itoke, yaani nikaongeza tatizo juu ya tatizo.

Ukiona kimnyoo bapa, kichwa cha pembetatu, macho kama kakengeza, hiyo ni planaria. Mtego wake ni chupa ndogo ya plastiki, toboa vitundu na sindano ya moto, ndani kipande cha sangara mbichi, zamisha, zima taa. Asubuhi mapema itoe, ukichelewa wanashiba wanatoka.

Na yule furu mla konokono, Astatoreochromis alluaudi, ni kweli anawavunja na meno ya kooni, alishajaribiwa hata kupambana na kichocho. Ila aliyekulia chakula laini meno hayo hayakomai vizuri, kwa hiyo ukimpata mdogo mzoeshe konokono mapema, wale wa kwenye tangi, sio wa kuokota ziwani.