Jinsi ya kujifunza kanji na msamiati wa Kijapani ukiwa peke yako

Kijapani huandikwa kwa mifumo mitatu inayochanganywa ndani ya sentensi moja. Hiragana na katakana zina herufi 46 za msingi kila moja, na hizo hazimshindi mtu. Kazi iko kwenye kanji, alama zilizotoka China ambazo kila moja hubeba maana. Orodha ya serikali ya Japani ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina kanji 2,136. Kati ya hizo, 1,026 hufundishwa shule ya msingi kwa miaka sita, tena kwa watoto ambao lugha yenyewe tayari wanaizungumza. Kwa hiyo anayekuahidi kanji zote kwa miezi mitatu mwache aende zake.

Nimejifunza bila darasa wala mwalimu, kwa simu na daftari, na kila nikimsaidia mtu anayeanza nasisitiza jambo hili kabla ya yote: jifunze maneno, kanji zitakuja ndani yake. Itazame 生. Ukiifungua kwenye kamusi utakuta sei, shō, i(kiru), u(mareru), ha(eru), nama, na nyingine bado. Kukariri mlolongo huo ni mateso, na ukikutana na 生 kwenye maandishi bado hutajua itamkwe ipi. Lakini ukijifunza 先生 sensei (mwalimu), 学生 gakusei (mwanafunzi), 一生 isshō (maisha yote) na 生きる ikiru (kuishi), matamshi matatu, sei, shō na i, yameingia kichwani na kila moja lina mahali pake.

Hatua ya 1: Maliza kana (hiragana na katakana), kisha achana na herufi za Kilatini

Hapa sisi tuna bahati kubwa. Irabu za Kijapani ni tano zilezile, na silabi nyingi huishia kwa irabu kama za kwetu. Sakana (samaki) na tamago (yai) utayatamka vizuri mara ya kwanza tu ukiyasoma. Jipe wiki mbili, hiragana kwanza. Kwa katakana anza na majina unayoyajua: ケニア, タンザニア, ナイロビ, キリマンジャロ, halafu ya magari, トヨタ, スズキ, スバル. (Subaru ni jina la Kijapani la Kilimia, ndiyo maana ya zile nyota kwenye nembo.) Ziangalie kwa makini シ na ツ, ソ na ン. Hizo hufanana sana, na njia ya kuzitofautisha ni kuziandika kwa mkono.

Kitakachokusumbua ni urefu wa sauti. Obasan ni shangazi au mama mdogo. Obāsan ni bibi. Biru ni jengo la ghorofa, bīru ni bia. Kite ni njoo, kitte ni stempu. Tangu siku ya kwanza sikiliza neno kabla ya kulisoma, ulitamke kwa sauti, maana ukizoea kufupisha irabu ndefu utaandika vibaya kila utakapotafuta neno kwenye kamusi.

Hatua ya 2: Ione kanji kwa vipande

Panda Hiace au Noah iliyotoka Japani ikiwa imetumika, uangalie mlango wa pembeni. Mara nyingi utakuta kibandiko kimeandikwa 自動ドア. Husomwa jidō doa.

自 ni "mwenyewe". Asili yake ni picha ya pua, na hadi leo Mjapani akitaka kusema "mimi?" hujielekezea kidole puani. 動 ina vipande viwili: kushoto 重, uzito, kulia 力, nguvu. Nguvu ikiukabili uzito, kitu kinasogea, na hiyo ndiyo maana ya 動. ドア ni mlango, neno lililokopwa kutoka Kiingereza, kwa hiyo limeandikwa kwa katakana. Ukiunganisha unapata mlango unaojiendesha wenyewe.

Sasa zichukue kanji hizo mbili uone zinakokufikisha: 自動車 jidōsha ni gari, 自分 jibun ni mwenyewe, 動物 dōbutsu ni mnyama, 運動 undō ni mazoezi ya mwili, 動く ugoku ni kusogea. Kibandiko kimoja kimezaa maneno matano.

Vipande vya jadi ni 214, kwa hesabu ya kamusi ya Kangxi ya China ya mwaka 1716, lakini huhitaji kuvikariri vyote. Hamsini hivi vinavyojirudia sana vinatosha kwa kuanzia. 氵 ni maji: utaiona kwenye 海 bahari, 油 mafuta, 泳ぐ kuogelea. 言 ni maneno: 話す kuzungumza, 語 lugha. 金 ni madini: 銀 fedha, 鉄 chuma. Kanji ikikataa kukaa kichwani, itungie kisa kifupi kwa Kiswahili kutokana na vipande vyake. 鳴く (naku, mnyama au ndege kulia) ni mdomo 口 pembeni mwa ndege 鳥. Hicho hakihitaji hata kutungwa. Kisa ulichotunga mwenyewe hukaa kuliko cha kuazima.

Hatua ya 3: Tengeneza kadi, na maana ziandike kwa Kiswahili

Programu ninayoitumia ni Anki, ya kadi zenye swali mbele na jibu nyuma. Kwenye kompyuta na simu za Android ni bure. Kwenye iPhone inauzwa, ila unaweza kutumia tovuti yake bila malipo. Programu yenyewe inafanya kazi bila bando ukishapakua kadi. Kazi yake ni kukuletea kila neno muda mfupi kabla hujalisahau: leo, keshokutwa, wiki ijayo, mwezi ujao.

Zipo seti za kadi zilizotengenezwa tayari. Kaishi 1.5k ni ya bure, ina maneno 1,500 ya mwanzo pamoja na sentensi na sauti, nami naipendekeza. Tatizo ni kwamba maana zake ni za Kiingereza. Kila kadi mpya inapokuja, fungua sehemu ya kuhariri uandike maana ya Kiswahili. Ni nusu dakika, na faida yake ni kubwa kuliko unavyodhani.

Angalia vitenzi hivi: 開ける akeru na 開く aku. Kamusi nyingi za Kiingereza hutoa neno lilelile kwa vyote viwili, na wanaotegemea Kiingereza huhangaika navyo muda mrefu. Kwetu ni fungua na funguka, basi. 消す kesu ni zima, 消える kieru ni zimika. 壊す kowasu ni haribu, 壊れる kowareru ni haribika. 割る waru ni vunja, 割れる wareru ni vunjika. Jozi za namna hii zipo nyingi mno katika Kijapani, na sarufi yake unayo tangu utotoni. Vivyo hivyo お疲れ様です, ambayo Wajapani huambiana kazini kila siku: andika "pole na kazi" na usiongeze kitu. Na 弟 otōto ni mdogo wako wa kiume, 兄 ani ni kaka aliyekutangulia. Kijapani hakikubali kuchanganya wakubwa na wadogo.

Kadi yangu moja iko hivi. Mbele kuna sentensi peke yake, haina msaada wowote:

ドアが開く。

Nyuma kuna kana ドアがあく, maana "mlango unafunguka", na sauti. Naisoma mbele kwa sauti, naitaja maana, halafu ndipo nageuza. Kuna vitufe vinne vya kujipima, mimi hutumia viwili tu, cha kukosa na cha kupata. Matamshi yakinitoka vibaya, hata kwa irabu moja, nimekosa.

Weka maneno mapya kumi kwa siku, yasizidi. Marudio ya kila siku huja kufika mara saba hadi kumi ya kadi mpya unazoongeza, kwa hiyo kumi zitakuletea kati ya 70 na 100. Ukijiwekea 30 kwa hamasa ya wiki ya kwanza, mwezi unaofuata utafungua simu ukute rundo la mamia, na hapo ndipo wengi huiacha programu moja kwa moja. Kadi unayoikosea mara 8 baada ya kuwa umeishika, Anki huiwekea alama, na kulingana na mipangilio yako huisimamisha yenyewe. Usiirudishe vilevile, itafutie sentensi nyingine.

Hatua ya 4: Zijue familia za sauti

Hatua hii ingoje mpaka uwe na kanji kama 300. Ukifika hapo, itakuondolea mzigo mkubwa.

Kanji nyingi zina upande unaogusia maana na upande unaobeba sauti. Sauti hiyo ni onyomi, matamshi yaliyokuja na kanji kutoka China. Kunyomi ni neno asilia la Kijapani lililovishwa kanji. 青 (buluu) onyomi yake ni sei. Iongezee maji, 清, usafi: sei. Iongezee jua, 晴, anga kutakata: sei. Iongezee maneno, 請, kuomba: sei. Ukikutana na 申請 shinsei kwenye fomu ya viza, maana yake ombi, nusu ya matamshi utakuwa unayo kabla ya kufungua kamusi.

Familia ya 反, han, ni hivyo hivyo: ご飯 gohan (wali, au chakula kwa jumla), 販売 hanbai (uuzaji), 黒板 kokuban (ubao), 出版 shuppan (uchapishaji wa vitabu). Umeona han imegeuka ban, kisha pan? Sauti ikiingia katikati ya neno mara nyingi hubadilika: k huwa g, s huwa z, t huwa d, h huwa b au p. Usikariri kanuni, ila izoee.

Kanuni hizi zina waasi. 寺 ni ji, na 時 na 持 pia ni ji, lakini 待 ni tai na 特 ni toku. Tumia familia kubashiri, kisha hakikisha kwenye kamusi. Na kwa kukisia onyomi au kunyomi: kanji mbili zilizoshikana, jaribu onyomi kwanza, kanji yenye mkia wa hiragana, kama 動く, jaribu kunyomi. Mengine kama 今日 kyō (leo) na 大人 otona (mtu mzima) yashike mazima yalivyo.

Hatua ya 5: Andika, lakini kwa kiasi

Nunua daftari la hesabu lenye miraba, kanji moja kila mraba. Mpangilio wa mistari ni juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia, na mistari inapokatana ule wa kulala mara nyingi hutangulia. Andika neno zima mara tatu bila kuchungulia. Kunakili mara ishirini huku unatazama mfano hufanya mkono uchoke na kichwa kilale.

Ziandike kanji 200 au 300 za mwanzo, baada ya hapo andika zile tu zinazofanana: 待 na 持, 未 na 末, 土 na 士. JLPT, mtihani wa kimataifa wa kupima Kijapani, hauna sehemu ya kuandika kwa mkono, hivyo usijione umechelewa.

Hatua ya 6: Soma vitu halisi mapema

Ukishakuwa na maneno 500 hivi, ingia tovuti ya Tadoku, kuna vitabu vifupi vya bure vilivyopangwa kwa ngazi, vyenye picha na hiragana ndogo pembeni ya kanji. Chagua chepesi kuliko unavyodhani unastahili. Neno usilolijua liruke; likirudi mara ya tatu litafute, ulitengenezee kadi.

Kwa sisi wa Dar, Mombasa au Kampala, barabara nayo ni kitabu. Kwenye Coaster kuna 非常口 hijōguchi, mlango wa dharura, na 定員 teiin, idadi ya abiria. Ubavuni mwa Canter kuna 最大積載量, uzito wa juu wa mzigo. Kwenye kifuniko cha tangi ukikuta 軽油 keiyu, hiyo ni dizeli, ijapokuwa kanji zinasema "mafuta mepesi". Usichanganye na 軽 ya magari madogo, yenyewe hutumia petroli. Na ile sauti ya mwanamke gari linapowashwa? Mara nyingi anasema ETCカードが挿入されていません, yaani kadi ya kulipia barabara za kasi za Japani haijaingizwa. 入 iliyomo humo ndiyo ya 入口 iriguchi, mahali pa kuingilia.

Piga picha, ichore kanji kwa kidole kwenye kamusi ya Jisho, au itafute kwa vipande kwenye Takoboto, ambayo ni ya Android na haihitaji intaneti. Kisha neno liende kwenye kadi pamoja na ile picha. Maneno yenye picha uliyopiga mwenyewe ni magumu kusahau.

Hatua ya 7: Panga siku yako

Marudio asubuhi kabla ya jambo jingine, maneno mapya baada ya marudio, kusoma jioni. Siku ikiwa mbaya fanya marudio pekee na usiongeze kipya. Ukikosa siku kadhaa na rundo likakua, zima maneno mapya kabisa, punguza rundo kidogo kidogo, na usifute chochote. Programu inajua kupanga upya.

Ukitaka shabaha, jiandikishe JLPT. Ngazi ni tano, N5 ya mwanzo hadi N1, na hufanyika Julai na Desemba, ingawa miji mingine ina awamu moja tu kwa mwaka. Kwa Afrika Mashariki, Nairobi ni mojawapo ya vituo. Usajili hufungwa muda mrefu kabla ya mtihani, hivyo fuatilia tangazo mapema, halafu miezi miwili ya mwisho fanya mitihani ya mfano iliyopo bure kwenye tovuti rasmi, ukijipimia saa.