Kufunika chembe za kathodi kabla ya kuunda betri ya hali mango

Seli yangu ya kwanza ya hali mango (isiyo na kimiminika ndani) ilitoa chini ya nusu ya chaji niliyoitarajia. Nikaishuku elektroliti (kitu kinachopitisha ioni, yaani atomi zenye chaji, kati ya pande mbili za seli), nikaibadilisha mara kadhaa, hali ikawa ileile. Kumbe kikwazo kilikuwa kwenye ngozi ya chembe za kathodi (upande chanya wa seli), unene wa nanomita chache tu. Tangu hapo sehemu kubwa ya muda wangu huishia kwenye ngozi hiyo, na ndivyo mwongozo huu ulivyopangwa.

Natumia kathodi ya NMC811 (nikeli sehemu 8, manganisi 1, kobalti 1) na elektroliti ya salfaidi (kampaundi yenye salfa), Li6PS5Cl. Salfaidi ikikutana na unyevu hutoa gesi ya H2S (hidrojeni salfaidi), ambayo ni sumu. Usiitegemee pua, kwa sababu gesi ikizidi pua huacha kuinusa. Fanyia kazi ndani ya sanduku la glavu lenye argoni.

Hatua ya 1: Jua hali ya unga wako

NMC811 ikikaa hewani, lithiamu iliyo juu ya chembe huungana na maji na kabonidioksidi, na chembe huvaa tabaka la LiOH (hidroksidi ya lithiamu) na Li2CO3 (kabonati ya lithiamu). Ioni hazipiti vizuri humo. Koroga sampuli ndogo ndani ya maji, chuja, kisha titreti maji yale kwa asidi ya hidrokloriki (idondoshe kidogo kidogo ukipima). Utajua lithiamu iliyolala juu ni kiasi gani. Sampuli hiyo usiirudishe kwenye kazi. Unga uliobaki ukaushe kwenye ombwe kwa nyuzi 120 usiku kucha. Ukaushaji huu huondoa maji, hauondoi kabonati. Kabonati ikiwa nyingi, tafuta unga mwingine.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya utando

Salfaidi huanza kuoksidishwa karibu na volti 2.5 dhidi ya lithiamu, ilhali kathodi hii hupanda hadi 4.3. Zikigusana moja kwa moja, mpakani huzaliwa mabaki yanayozuia ioni. Dawa ni kuweka kati yake kitu kinachopitisha ioni lakini si elektroni. Mwaka 2007 watafiti wa Japani walionyesha kwa kathodi ya LiCoO2 (oksidi ya lithiamu na kobalti) kuwa LiNbO3 (oksidi ya lithiamu na niobi) inaifanya kazi hiyo, na mimi sijaiacha.

Lenga utando wa nanomita 7. Gramu moja ya unga wenye eneo la mita za mraba 0.5 inahitaji miligramu 16 hivi za LiNbO3 (msongamano wake ni gramu 4.65 kwa sentimita ya ujazo), yaani milimoli 0.11.

Wengi huhofia kwamba LiNbO3 hupitisha ioni kwa shida. Tuhesabu. Chukua upitishaji wa 10⁻⁶ S/cm (simensi kwa sentimita, kipimo cha wepesi wa ioni kupita): nanomita 7 huleta ukinzani wa omu 0.7 tu kwa eneo la sentimita moja ya mraba, na nanomita 100 huleta omu 10. Kwa hiyo wembamba ndio unaotuokoa. Lakini hesabu hii ni ya LiNbO3 isiyo na fuwele. Ikishaganda kuwa fuwele, upitishaji huporomoka. Ndiyo maana joto la hatua inayofuata lina mpaka.

Hatua ya 3: Funika

Ndani ya argoni, yeyusha ethoksaidi ya lithiamu na ethoksaidi ya niobi, milimoli 0.11 kila moja, kwenye ethanoli kavu kabisa. Tia unga, koroga, kausha polepole huku ukiendelea kukoroga. Ukiharakisha, niobi hujikusanya madoa madoa na kuacha sehemu tupu. Choma kwa nyuzi 350 kwa saa moja, oksijeni ikipita, kisha rudisha unga kwenye argoni mara moja.

Hatua ya 4: Changanya na gandamiza

Kathodi 70, elektroliti 30 kwa uzito. Saga kwa mkono kwenye kinu cha agati, taratibu, maana mashine ya mipira huubambua utando. Kaboni usitie: hupeleka elektroni kila mahali kwenye salfaidi na kuharakisha uoksidishaji. Kwenye kalibu ya kipenyo cha milimita 10, miligramu 100 za elektroliti hutangulia, mchanganyiko hufuata juu. Gandamiza kwa MPa 350, karibu tani 2.8. Anodi (upande hasi) ni aloi ya lithiamu na metali ya indi, iliyo volti 0.62 juu ya lithiamu.

Hatua ya 5: Pima, kisha pima tena

Chaji polepole hadi volti 3.68 dhidi ya anodi hiyo, kisha pima impidansi (ukinzani kwa mkondo unaogeuka-geuka) kuanzia masafa ya MHz 1 hadi mHz 10. Elektroliti ya milimita 0.8 yenye upitishaji wa mS/cm 2 itaonekana kama omu 51 hivi. Kwenye mchoro wa vipimo hivyo, nusu duara ya masafa ya kati ndiyo ngozi ya kathodi. Tengeneza pia seli moja isiyofunikwa, uzilinganishe.

Nusu duara ikikua, usikimbilie kulaumu utando. Chaji seli nyingine, iache itulie siku tatu, upime kila siku. Ikikua bila seli kufanya kazi, ni kemia: utando una matundu, rudi hatua ya 3. Ikikua kwa mizunguko ya kuchaji tu, ongeza mgandamizo. Ukinzani ukishuka papo hapo, chembe zilikuwa zimesinyaa lithiamu ilipotoka na kuachana na elektroliti. Hapo kinachohitaji marekebisho ni kibano kinachoigandamiza seli.