Pima fundo la protini kwa urefu uliopotea

Funga fundo kwenye uzi kisha uvute ncha zake: fundo linakaza na uzi unafupika. Protini yenye fundo hupimwa hivyo hivyo kwa darubini ya nguvu za atomi, ambayo sindano yake nyembamba hushika molekuli moja na kuivuta. Fundo lenyewe hulioni. Unahesabu urefu uliokosekana.

Anza na mahali pa kushika. Pandikiza sisteini mbili (asidi amino inayoweza kuungwa na kitu kingine), uondoe nyingine zilizo wazi. Ukishika karibu na ncha, fundo linakaza. Ukisogeza mshiko mmoja ndani ya kitanzi, mkia huchomoka na fundo linafumuka. Tengeneza zote mbili. Ile inayofumuka ndiyo ya kulinganishia, na wanaoiruka hujuta baadaye.

Kwenye sisteini hizo unga vipande vya titini (protini ya misuli) aina ya I27, viwili kila upande. Vuta kwa nanomita 400 hadi 1000 kwa sekunde. Kila kipande hukunjuka kwenye nguvu ya pikonyutoni 200 hivi na kuongeza nanomita 28, kama meno ya msumeno kwenye grafu. Ukihesabu meno matatu au manne, protini yako ilikuwa katikati. Yakiwa mawili, tupa grafu: huenda sindano ilinasa upande mmoja tu.

Sasa hesabu. Tuseme kati ya mishiko kuna asidi amino 190, kila moja nanomita 0.365: jumla 69.4. Toa umbali wa mishiko kabla ya kuvuta, mathalani 3, zinabaki 66.4. Protini yako ikikunjuka na kuongeza 60.2 tu, zimepotea 6.2, sawa na asidi amino 17. Fundo la umbo la nane katika faitokromu (protini inayohisi mwanga), lililopimwa mwaka 2009, lilipoteza kiasi hichohicho.

Usisome urefu moja kwa moja kwenye grafu. Kwa pikonyutoni 100 mnyororo huwa umenyooka asilimia 86 tu, hivyo wa nanomita 60 husomeka kama 51.6, na kosa hilo ni kubwa kuliko fundo. Tumia modeli ya mnyororo unaopinda kama mnyoo, inayokadiria urefu kamili kutokana na nguvu; urefu wa ukakamavu, yaani kipimo cha ugumu wa mnyororo kupinda, ukiwa nanomita 0.5 kwa grafu zote. Ukiuachia ubadilike kila grafu, utameza tofauti unayoitafuta.

Kagua pia kipimo cha mwendo wa jukwaa linalovuta protini: kosa la asilimia 5 kwenye nanomita 60 ni nanomita 3, nusu ya fundo. Meno ya titini yakisoma 29.4 badala ya 28, hiyo ndiyo asilimia 5. Sahihisha kabla ya kuhesabu chochote.