Kutokosa yai lisilo na ganda: chujio kwanza, sufuria baadaye

Yai linalotokoswa bila ganda huvunjwa na kuivishwa ndani ya maji ya moto yasiyochemka, likatoka na ute mweupe ulioshikana vizuri ukiwa umekizunguka kiini ambacho ndani bado ni laini. Wengi huliacha baada ya jaribio la kwanza, kwa kuwa ute ulitawanyika majini kama nyuzi za pamba na kiini kikabaki kivyake. Lawama huangukia mkono wa mpishi au sufuria, ilhali mara nyingi sababu yenyewe imo ndani ya yai.

Ute wa yai si kitu kimoja. Upo ule mzito, unaong'ang'ania kiini na kubaki umetuna yai linapovunjwa kwenye sahani, na upo mwepesi, unaotiririka pembeni kama maji. Katika yai jipya ule mzito ndio mwingi. Siku zinavyopita, gesi ya kaboni dayoksaidi iliyomo ndani hutoka kidogo kidogo kupitia vitundu vya ganda visivyoonekana kwa macho, hali ya ute hubadilika, na sehemu nzito hulegea na kuwa nyepesi. Ute huu mwepesi ndio unaosambaa majini na kuchafua sufuria. Basi ukiweza kupata mayai mapya, nusu ya kazi imekwisha. Usipojua umri wake, litumbukize yai na ganda lake ndani ya bakuli la maji baridi: jipya hulala chini kwa ubavu, lililokaa huinuka upande mmoja au kusimama wima, na linaloelea limekaa mno, hivyo ni busara kutolitumia. Lile linalosimama hufaa zaidi kuchemshwa likiwa na ganda.

Kwa mayai ya kawaida, ambayo si mapya sana wala si ya zamani, kifaa chenye manufaa kuliko vyote ni chujio la waya lenye matundu madogo, na pana kiasi cha yai kutandaa ndani yake bila kubanwa. Vunja yai ndani ya kikombe kwanza, ili uone kama kiini ni kizima na kama kuna kipande cha ganda kilichoponyoka, kisha limimine taratibu kwenye chujio lililowekwa juu ya bakuli. Lizungushe chujio kwa upole kwa sekunde kumi au ishirini. Usilitikise wala usilipige ukingoni, kwa maana kiini hupasuka kwa urahisi. Ute mwepesi utadondoka wenyewe, na yai litakalobaki litakuwa dogo kidogo lakini limejikusanya. Lirudishe kikombeni. Chujio lenyewe lioshwe papo hapo kwa maji baridi. Ukitumia ya moto, ute utaivia kwenye waya na utausugua hadi uchoke.

Sufuria iwe pana, na maji yafike kina cha sentimita 8 hadi 10. Katika maji ya kina yai huwa na umbo la mviringo zaidi. Katika maji machache hutandaa na kugusa chini. Yachemshe maji kwanza, kisha punguza moto mpaka yatulie. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 80 na 90 za sentigredi. Asiye na kipimajoto aangalie ndani ya sufuria: vipovu vidogo vimeshika chini, kimoja kimoja hupanda, mvuke unatoka, lakini uso wa maji hautokoti. Kiwango hiki kina maana yake. Ute huanza kushikana kwenye nyuzi 60 na kitu, lakini hukaza barabara unapokaribia 80, ilhali kiini huanza kuwa kizito kwenye 65 hivi na huganda kikifika 70. Kwa kuwa joto huingia kutoka nje, ute huwahi kukaza kabla kiini hakijapata moto mwingi. Maji yanayochemka kwa nguvu huliivisha yai vilevile, lakini mapovu yake huurarua ute kabla haujashikana.

Siki husaidia, kwa sababu uchachu huharakisha kuganda kwa ute wa nje. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji kinatosha. Ukizidisha, yai litapata ukakasi na uso wake utaparara. Yai lililochujwa halihitaji siki kabisa, na kwa maoni yangu huwa tamu zaidi bila hiyo. Vivyo hivyo kuhusu kuyakoroga maji kwa mwiko hadi yafanye kizingia na kutumbukiza yai katikati: njia hiyo hukusanya ute, lakini hufaa kwa yai moja tu kwa wakati, na la pili likiingia hulivuruga la kwanza.

Wakati wa kutia yai, kisogeze kikombe hadi ukingo wake uguse maji, kisha ukiinamishe polepole ili yai liteleze badala ya kuanguka. Kwa yai la ukubwa wa kawaida, dakika tatu hutoa kiini kinachotiririka, dakika nne hutoa kizito kama asali, na zaidi ya tano kiini huanza kushikana. Yakiwa mengi, yatie kwa mpangilio, tuseme kufuata mzunguko wa mshale wa saa, ili ujue lipi litangulie kutoka. Manne yanatosha kwa sufuria moja pana. Baada ya dakika moja, pitisha kijiko chini ya kila yai ili lisigande kwenye sufuria.

Kijiko cha kuopolea kiwe kipana na chenye matundu, ili maji yabaki nyuma. Liinue yai na uliguse juu kwa kidole: ute uwe mkavu na imara, kiini kibonyee kidogo. Likilegea ukingoni, lirudishe kwa nusu dakika. Kisha liweke juu ya kitambaa safi ili likauke, na vikia vya ute vilivyobaki vikatwe kwa kisu.

Anayeogopa kulimwaga yai majini anaweza kutumia upawa mdogo wa chuma. Upakwe mafuta, yai liwekwe ndani yake, nao ushushwe polepole mpaka maji yafurike juu ya yai, ukishikiliwa hapo hadi ute ukaze. Vikombe vya silikoni na vikaangio maalumu vyenye visahani hutoa mayai yanayofanana kabisa, ila kwa kweli yai huivishwa kwa mvuke, na ute wake huwa mgumu zaidi. Tanuri la mikrowevu silipendekezi: mvuke ulionaswa ndani ya kiini unaweza kukipasua, wakati mwingine yai likiwa tayari limeshatolewa.

Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu ya mwili waandaliwe mayai ambayo kiini chake kimeganda kabisa, kwa kuwa bakteria wa salmonela wanaweza kuwamo hata katika yai lenye ganda safi.

Ukihitaji mengi kwa pamoja, yaivishe mapema kwa muda pungufu kidogo, uyatie mara moja kwenye bakuli la maji yenye barafu, na uyahifadhi ndani ya maji hayo kwenye jokofu, yasizidi siku mbili. Wakati wa kula, yarudishe kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa dakika moja hivi, kisha yaopoe na kuyakausha kama mwanzo.